Mawe ya Mpaka Katika Shamba la Mwenze

Mama yeyote mwenye mtoto anayefanya kazi karibu na mpaka asikie habari za Clotilde Kyabu wa Kamina. Clotilde alikuwa mama mwenye akili, mwenye mikono ya kazi, na alimpenda mtoto wake kuliko macho yake mwenyewe. Kosa lake lilikuwa moja: alingoja.

Alikaa katika kambi ya wafanyakazi wa reli, nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba la maji, pamoja na mume wake Éphraïm. Kazi ya Éphraïm ilikuwa kupindua njia pale gare, kwenye kituo cha treni. Treni ya Bukama ikikaribia wakati nyingine imesimama, yeye ndiye aliyeshika ule mkono wa chuma na kuulaza upande unaotakiwa, na watu wakapita salama bila hata kujua jina lake. Clotilde mwenyewe alikuwa Muluba wa Kabondo-Dianda, amesoma madarasa matatu kwa wamisionari, aliweza kuandika barua bila kumwomba mtu. Éphraïm alizaliwa mbali, kusini kabisa, kwa Walamba, wa ukoo wa Mvua. Ndugu zake wengine waliamka kila siku upande wa Wabelgiji na wengine upande wa Waingereza, kwa sababu mpaka ulipochorwa hakuna aliyewauliza.

Mtoto wao wa kwanza aliitwa Zacharie. Mwaka wa 1931, akiwa na miaka ishirini na miwili, aliandikwa kazi na wazungu wa kupima mpaka: kufyeka miti kwenye mstari, kubeba mawe na saruji, kusimamisha alama. Clotilde hakuipenda kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Alimfungia blanketi ya kijivu yenye mstari mwekundu, akamsindikiza mpaka gare, na treni ilipoondoka akabaki amesimama hata Éphraïm akamwita mara mbili.

Huko kusini palikuwa na kipande cha nchi kisichozidi mwendo wa saa moja kwa miguu. Wabelgiji walisema ni chao, Waingereza wakasema ni chao. Zamani mtu alirundika mawe hapo na kusimika bomba la chuma katikati, kuwa alama, na mawe yale yakawa ndani ya shamba la maharagwe la mama mmoja mjane aitwaye Mwenze. Kila mara watu wa kupima walipokuja kuyatazama walikanyaga maharagwe yake. Mwenze akamlilia Zacharie, ambaye alizoea kumwomba maji ya kunywa: mwanangu, yasogeze kidogo tu, nikivuna utayarudisha. Zacharie akahesabu hatua thelathini, akaanza kuyahamisha mpaka pembeni mwa shamba. Pale yalipotoka akachomeka kijiti, asije akapoteza mahali. Askari wa boma ya Waingereza wakamkuta na jiwe la mwisho mikononi, wakamchukua.

Lingekuwa shauri la shamba tu, lingekwisha mchana ule ule kwa maneno ya watu watatu. Lakini kila upande uliangalia ile ardhi, haukumwangalia kijana. Kama ardhi ni ya Waingereza, Zacharie ameharibu alama yao. Kama ardhi ni ya Wabelgiji, askari wale wameingia nchi ya wengine na kumkamata mtu wa wengine. Hakuna aliyeweza kumfungulia mlango bila kusema kwanza ardhi ni ya nani.

Habari hizo wazazi walizipata kwa Stanislas, karani wa ofisi ya teritware, yaani ya wilaya, mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, anayesali kanisa moja nao. Aliwaambia wasilie. Alisema mambo ya Zacharie si mambo madogo tena, yatapanda kutoka Kamina mpaka Elisabethville, na kutoka Elisabethville mpaka Ulaya.

Clotilde alimwuliza serikali mbili zikigombana zinafanya namna gani. Stanislas alipenda kuulizwa maneno ya namna hiyo. Akaeleza kwamba kwanza wanaandikiana barua, na barua zikishindwa wapimaji wa pande mbili wanakaa meza moja. Wakizidi kushindwa, wanaweza kumchagua mtu wa nchi ya tatu, asiye ndugu wa yeyote kati yao, awaamulie. Tena kuna nyumba ya hukumu ya mataifa kule Uholanzi, katika mji wa La Haye, na majaji wake wanavaa nguo nyeusi mpaka miguuni.

Éphraïm alikuwa akisikiliza. Sasa akauliza.

"Na nani njo anabatuma kule?"

"Hakuna muntu," Stanislas akasema. "Benyewe njo banachagua njia. Mumoja akikatala, majaji habana nguvu ya kumuita."

Éphraïm akacheka kidogo, kama mtu anayeambiwa samaki ameota manyoya. Yeye alikuwa mtu wa reli. Kwenye reli ya njia moja, treni mbili haziwezi kujiamulia ipi ipite. Moja inaingia pembeni na kungoja, na juu ya mashefu wa gare wote kuna mkubwa mmoja anayetuma neno kwa waya: wewe kaa, wewe pita. Anayengoja ana uhakika. Hata kama ni nusu siku, neno litakuja. Éphraïm aliamini moyoni kwamba juu ya serikali pia yuko mkubwa wa namna hiyo, ila Stanislas hajajifunza jina lake. Akamwambia mke wake vivyo hivyo walipokuwa wakirudi nyumbani, na mke wake akatulia.

Baada ya miezi miwili Kisimba akafika kwa treni. Kisimba huyu alikuwa wa ukoo wa Udongo, upande wa Waingereza, nungwe wa ukoo wa Mvua. Watu wa kusini wanajua nungwe ni nini: ni mtu wa ukoo mwingine mwenye ruhusa ya kukutukana mbele ya watu nawe usikasirike, na siku ukifa yeye ndiye anayekuchimbia kaburi. Neno lolote atakalosema, hata likichoma, haliwezi kuanzisha ugomvi. Ilikuwa hivyo tangu babu zao.

Alianzia mlangoni kabisa, kabla ya kuweka mzigo chini.

"Weye Mvua, kelele yote hii juu ya nyumba, na maji iko wapi? Hata chai hakuna?"

"Ingia, Udongo," Éphraïm akamjibu. "Bila minyi kunyesha, weye ungekuwa vumbi tu mu miguu ya mbuzi."

Wakacheka, wakala bukari, ule ugali wa kwao, na samaki wakavu wa Mulongo. Halafu Kisimba akanawa mikono na kusema yaliyomleta. Alikuwa amemwona Zacharie kwa macho yake, amekonda kidogo na anakohoa kidogo, lakini anasimama vizuri. Watu wa Udongo walikuwa wamekwenda na Mwenze kwa mkubwa wa boma. Mkubwa yule alisema yeye hapendi kumweka kijana huyo, ni mzigo kwake. Kijana akubali tu kwamba aliyasogeza mawe, wazazi wake waje wasimame na Mwenze na watu wa Udongo, waseme pamoja kwamba hakuna ubaya kati yao. Atafyeka barabara majuma matatu, kisha aende kwao.

"Bantu na bantu," Kisimba akasema. "Si hiyo ya makaratasi. Treni ya kesho kutwa, Mama Zacharie. Tunaenda sisi watatu, tunarudi bane."

Clotilde alisimama pale pale, akaanza kukunja nguo zake. Alikuwa ameshatoa kikapu. Laiti angeendelea kukunja. Lakini Éphraïm akasema si vizuri kuondoka bila kumwarifu Stanislas, na Clotilde, aliyefundishwa shuleni kuheshimu ofisi, akaona ni kweli.

Stanislas akashtuka. Akafunga mlango wa ofisi na kusema kwa sauti ya chini.

"Mama, akikubali kosa kule, ni sawa na kusema ile ardhi ni ya Waingereza. Na mukisha kumaliza hii mambo kifamilia, Leta, serikali yetu, haitaweza tena kusimama kwa ajili yenu. Itasema, benyewe balishapatana." Akasogeza karatasi mezani. "Na sasa banaanza kuongea ya majaji. Jina ya Zacharie inaweza kusomwa La Haye. Unasikia? La Haye."

Hapa kisifichwe kitu, maana kuficha hakumsaidii mama mwingine. Clotilde aliona fahari. Aliwaona wale wazee wa nguo nyeusi wakilitamka jina la mtoto wake aliyezaliwa Kamina katika nyumba ya matofali mabichi, na kifua chake kikapanuka. Akafikiri majuma matatu ya kufyeka barabara kama mkosaji ni aibu, na kushinda mbele ya mataifa ni heshima. Akarudi nyumbani, akachana karatasi katika daftari, akaandika kwa mkono wake:

"Zacharie mwana wangu, usikubali neno lolote. Leta iko nyuma yako. Ngojea. Mama yako."

Kisimba hakujua kusoma. Akataka asomewe, akasomewa. Akaigeuza ile barua kama mtu anayetafuta upande wake wa kushikia.

"Mama Zacharie, minyi ni nungwe yenu. Munipe kaburi nichimbe, nitachimba. Lakini hii karatasi naiogopa."

Hata hivyo akaibeba, kwa sababu nungwe hakatai kutumwa.

Ndipo kukaanza kungoja. Mvua ya kwanza ikaja na kupita. Kila Jumamosi Clotilde alikwenda ofisini na kusimama karibu na dirisha mpaka Stanislas amwone. Mara barua zimeandikwa. Mara zimejibiwa, lakini jibu linajibu swali jingine. Mara wapimaji watakutana, halafu mpimaji wa upande mmoja akarudi Ulaya kwa mapumziko na lazima asubiriwe. Clotilde akauliza habari za majaji. Mara ya kwanza Stanislas alisema bado wanafikiri. Mara ya pili akaangalia kalamu zake. Mara ya tatu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akamwambia kama alivyosikia pale ofisini. Wakubwa wa huku hawataki jaji, kwa sababu jaji akianza kuangalia kipande hiki anaweza kutaka kuangalia na vingine vilivyo na shaba chini. Wakubwa wa kule hawataki pia, kwa sababu zao. Kila mmoja anatafuta njia ambayo akipita hawezi kushindwa, na njia ya namna hiyo inachukua muda kuipata.

"Na Zacharie?" Clotilde akauliza.

"Zacharie iko mu dossier, mama."

Akarudi nyumbani na neno hilo, dossier, jalada la karatasi. Siku ile treni moja ya mizigo ilikuwa imesimama pembeni tangu asubuhi, moshi unapanda taratibu, dereva amelala kivulini. Éphraïm akamwonyesha: unaiona, hailii, imeambiwa ingoje, inangoja. Kabla jua halijashuka waya ukalia, Éphraïm akaulaza mkono wa chuma, treni ikaondoka. Clotilde aliitazama mpaka behewa la mwisho. Alitaka sana kuamini.

Barua moja tu ilitoka kwa Zacharie, imeandikwa kwa penseli. Alisalimia wadogo zake kwa majina. Alisema anangojea kama mama alivyoandika. Kukohoa kunakuja na kwenda. Mwenze amevuna, anamletea maharagwe siku ambazo askari wanaruhusu. Mkubwa wa boma alimwuliza tena, akanyamaza kama mama alivyosema. Chini kabisa aliandika kwamba kijiti alichochomeka shambani kimeota majani.

Clotilde akamwambia mume wake anataka kwenda. Éphraïm akasema, mama yangu, tumengoja mwaka na zaidi, tukiingia sasa tutaharibu kila kitu. Hata Clotilde alijua hesabu hiyo: ukishangoja sana unaona aibu kuacha kungoja, kama vile siku zilizopita zitapotea bure. Akarudisha kikapu juu ya kabati.

Mwanzo wa mvua ya pili, siku ya Alhamisi, saa tisa mchana, alikuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo, nje ya nyumba. Treni ya kusini ilikuwa imeshafika. Akamwona Kisimba anakuja kwa njia ya bomba la maji, blanketi imekunjwa chini ya kwapa, ya kijivu, yenye mstari mwekundu. Clotilde akasikiliza. Alingoja tusi. Kisimba akafika karibu, akasimama, akavua kofia.

"Mama Zacharie," akasema kwa heshima.

Hakutukana. Clotilde akaachia mchi, na mchi ukaanguka ndani ya sombe.

Ugonjwa wa kifua ulimmaliza Zacharie kwa siku tisa. Boma ilitafuta watu wake wa karibu ili wamzike, na watu wa karibu walikuwa ni Udongo. Kisimba alichimba mwenyewe. Mwenze akatoa mahali, pembeni mwa shamba lake, karibu na mawe, na akataka kumfunika kwa blanketi, lakini Kisimba akasema blanketi irudi kwa mama yake, akamfunika kwa nguo yake mwenyewe. Ndani ya blanketi ilikuwamo barua ya Clotilde. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata karatasi imekatika kwenye mikunjo, na neno "Ngojea" limebaki peke yake kwenye kipande chake.

Watu wa kambi wakaja kulia. Siku ya tatu, kwa desturi ya kwao Éphraïm, nungwe lazima afanye mzaha matangani ili wafiwa wapate kucheka na kuanza kula. Kisimba alikaa na kichwa chini. Chakula kilipoa. Mwishowe Éphraïm mwenyewe akamwambia, Udongo, sema, ni kazi yako. Kisimba akainua uso, akajaribu ile sauti yake ya mlangoni.

"Bantu ya Mvua, kungoja munajua sana. Hata mbegu haiwezi kungoja namna ile."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekasirika pia, maana maneno ya nungwe hayakasirishi mtu. Éphraïm akatia tonge mdomoni, likakaa humo bila kutafunwa. Angesema mtu mwingine, wangemfukuza matangani. Kwa kuwa ni Kisimba aliyesema, neno lilipaswa kupokelewa, na Clotilde akalipokea, analo mpaka leo.

Miezi miwili baadaye Stanislas alikuja nyumbani kwao kwa miguu yake. Serikali mbili zilikuwa zimepatana. Hazikwenda La Haye, wala hazikumwita mtu wa nchi ya tatu. Wapimaji walikaa meza moja siku mbili wakanywa kahawa, wakachora. Stanislas akasoma karatasi polepole: madai yote ya pande zote mbili yamefungwa, hakuna upande utakaomdai mwenzake tena. Watu walioshikwa kwa sababu ya shauri hili warudishwe kwao.

"Barudishwe," Clotilde akarudia.

Stanislas hakuweza kuinua macho.

"Na mawe?" Éphraïm akauliza. "Mpaka inapita wapi?"

Stanislas akatafuta mstari kwa kidole. Mpaka utapita pembeni mwa shamba, kwa kuwa wapimaji waliona si vizuri alama ikae ndani ya mazao ya watu. Hatua thelathini na kidogo kutoka mahali pa zamani. Mawe hayakuhitaji kuhamishwa sana. Shamba, pamoja na kila kilichomo, limebaki upande wa Waingereza, na mtu wa Kamina akitaka kwenda huko aombe kibali.

Éphraïm alitoka nje. Alikaa mpaka jioni kwenye jiwe la nje akitazama njia za reli zilivyoachana na kukutana. Aliporudi alisema neno moja tu, na alilisema kama anaungama.

"Hakuna shefu juu yabo. Stanislas alituambia. Minyi njo sikusikia."

Mwaka uliofuata, jirani yao Germaine, mke wa fundi wa mashini, alikuja kuomba chumvi, akabaki amesimama na chumvi mkononi. Mtoto wake Lucien, aliyekwenda kufanya kazi Sakania, alikuwa amekamatwa ng'ambo kwa sababu ya baiskeli na mbuzi wa mtu, mahali ambapo mstari mpya haujaeleweka vizuri. Wenye mbuzi wametuma neno kwamba wazazi waje wazungumze. Lakini ofisini wameahidi kuandika barua. Barua itakwenda Elisabethville. Germaine alisema ofisi imepokea shauri vizuri sana, hata wamempa kiti.

Clotilde akamwuliza ni lini.

"Juzi. Banasema tungoje kidogo."

Clotilde aliingia ndani. Alishusha kikapu kutoka juu ya kabati, akatia ndani mihogo, chumvi, na blanketi ya kijivu, kwa kuwa kule buloko, gerezani, kuna baridi. Akamshika Germaine mkono, akamvuta kama mtoto anayekataa kwenda shule, akapita naye njia ya bomba la maji mpaka gare. Germaine alikuwa bado na kandambili za nyumbani. Alikuwa anasema, lakini Mama Zacharie, lakini ofisi, lakini mume wangu hajui. Clotilde akazidi kumvuta.

Treni ya kusini ilikuwa tayari. Éphraïm alikuwa kazini, mkono juu ya chuma, na aliwaona wanawake wawili wakipanda behewa la mwisho, akamwona mke wake na kile kikapu. Waya ulipolia aliilaza njia upande wa kusini, akaushikilia ule mkono wa chuma kwa nguvu zake zote mpaka treni yote ilipokwisha kupita, kama vile mtu angeweza kuja kumnyang'anya.